Kuandaa pendekezo la mashindano ya teknolojia kwa shida za jiji: mwongozo kwa vikundi vya Lubumbashi

Mashindano ambayo jiji huwatuza wanaobuni suluhisho za kiteknolojia kwa shida za wakazi wake yana historia fupi lakini yenye mafunzo mengi. Kikundi chochote cha Lubumbashi kinachotaka kushiriki, yawe yametangazwa na ofisi ya meya, na chuo kikuu, na kampuni ya simu au na shirika kutoka nje, kitafaidika kwa kuijua historia hiyo kabla ya kuandika sentensi ya kwanza ya faili lake, yaani hati ya pendekezo. Mwaka 2008 jiji la Washington nchini Marekani lilifungua takwimu zake kwa umma na kuwaalika watengenezaji wa programu washindane. Kwa bajeti ya dola 50,000 lilipata programu 47 katika siku 30, na sifa hiyo ikaenea hata miji mingine ikaiga. Miaka miwili baadaye jiji hilohilo lilikuwa limeyaacha mashindano hayo. Bryan Sivak, aliyekuwa ameshika wadhifa wa mkuu wa teknolojia wa jiji wakati huo, alieleza kwamba programu nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya simu za bei ghali, ilhali wakazi waliozihitaji zaidi huduma za jiji hawakuwa na simu hizo.

Mwongozo huu wote unatokana na kisa hicho. Ustadi wa kompyuta tunao. Vijana wetu wa vyuo na wale waliojifunzia mitaani wanajua kuandika programu, kuunganisha vifaa na kutengeneza simu iliyokufa. Kinachokosekana katika mafaili mengi niliyoyasoma ni ukurasa mmoja tu, ukurasa unaoonyesha kwamba waandishi wamekaa na tatizo lenyewe, wamelipima, na wanalijua kuliko jaji yeyote atakayewauliza maswali. Kikundi chenye ukurasa huo kina nafasi ya kushinda hata kama programu yake ni ndogo.

Lisome tangazo kama unavyosoma mkataba

Chapa tangazo kwenye karatasi, kaeni pamoja, mlisome kwa sauti na kupiga mstari chini ya kila neno linalodai kitu. Angalieni ni nani anayeruhusiwa kushiriki, kama umri una kikomo, kama kikundi lazima kiwe kimeandikishwa kisheria, na kama tuzo ni fedha, mafunzo, vifaa au ahadi ya kuanza kazi pamoja na jiji. Angalieni pia wazo na programu vitakuwa mali ya nani baada ya mashindano. Baadhi ya kanuni humpa mwandalizi haki ya kutumia kila kitu kilichowasilishwa, na anayetia saini bila kusoma hana pa kulalamikia baadaye.

Jambo la pili la kutambua ni aina ya mashindano. Yapo yanayosema tu kwamba mshiriki alete wazo lolote lenye manufaa, na yapo yanayotaja shida mahususi. New York ilianza mwaka 2009 kwa njia ya kwanza, ikitoa takwimu zake na kuwaachia washiriki wajichagulie cha kutengeneza. Kufikia mwaka 2013 waandalizi walikuwa wamebadilisha mtindo na kutangaza kwanza masuala yenyewe, kama vile ajira, nishati, afya na elimu, pamoja na watu wanaoyafahamu. Ikiwa tangazo lililo mbele yenu ni la aina ya pili, msijaribu kuingiza kwa nguvu programu mliyokwisha kuitengeneza kwa shida nyingine. Majaji hulitambua jambo hilo katika aya ya kwanza.

Shida moja, mahali pamoja

Lubumbashi ina komine (wilaya za jiji) saba, yaani Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe, na shida zinazoitwa kwa jina moja hazifanani kutoka komine moja hadi nyingine. Anayeandika kwamba atatatua tatizo la maji Lubumbashi ameandika kitu ambacho hakuna anayeweza kukikagua. Anayeandika kwamba atapunguza muda ambao familia za mtaa mmoja wa Katuba hupoteza kwenye foraji (kisima cha pampu) moja ameahidi jambo linaloweza kupimwa kwa wiki chache, na jaji ataweza kulifikiria mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Katika kuchagua, napendelea shida zenye sifa tatu: zinazorudi kila siku au kila wiki, zenye mtu anayejulikana kuwa na dhamana nazo (mlinzi wa bomba, mwalimu mkuu, kamati ya soko, muuguzi wa kituo cha afya), na ambazo sehemu yake angalau inaweza kupungua bila kujenga barabara wala kununua transfoma. Mitaro iliyoziba kabla ya mvua za Novemba ni shida ya namna hiyo. Takataka za soko, foleni za kituo cha afya, watoto wanaoacha shule katikati ya mwaka na ada za pikipiki za teksi usiku ni nyingine.

Zipo pia shida ambazo ni kubwa na za kweli lakini zinahitaji tahadhari. Vumbi na maji machafu ya migodi ni mfano ulio karibu nasi kuliko yote. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, ulionyesha kiwango kikubwa cha kobalti katika mkojo wa wakazi wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini huku Katanga. Kikundi kinachotaka kugusa suala hilo kisianze kwa kununua vipimo vya bei nafuu vya hewa na kuvitundika kwenye paa, kwa sababu namba isiyoaminika inaweza kuwatia watu hofu au kuwapa utulivu wasiostahili. Kianze kwa kubisha mlango wa kitivo cha tiba au cha sayansi, kiulize ni kipimo gani tayari kipo, na kijitolee kufanya ile sehemu ambayo watafiti hawaifikii, kama kukusanya taarifa mtaa kwa mtaa au kuwafikishia wakazi majibu kwa lugha wanayoielewa.

Kaeni na tatizo kabla ya kuunda chochote

Hii ndiyo sehemu inayostahili muda mwingi kuliko zote, nami nitaichukulia mfano mmoja hadi mwisho: foraji ya mtaani, kile kisima kilichochimbwa kwa mashine ambacho pampu yake inategemea umeme. Wakati wa delestaji, yaani umeme unapokatwa kwa zamu, pampu hulala, na umeme unaporudi, pengine usiku wa manane, watu hutoka na mabidoni, yaani madumu ya maji.

Wazo la kwanza linalokuja kichwani mwa kila mtu ni programu inayowaarifu wakazi kwamba maji yameanza kutoka. Linaonekana zuri. Lakini mtu akikaa kwenye foraji asubuhi chache huona jambo ambalo wazo hilo limelisahau. Mabidoni yamekwisha kupangwa mstari tangu jioni, mengine yamefungwa kamba pamoja kwenye mishikio, mengine yameandikwa herufi mbili za jina kwa rangi, na kila mwenye bidoni anajua yuko nyuma ya nani. Mstari huo ndio foleni, nao unaheshimiwa. Shida inaanza maji yanapotoka ghafla. Wenye nyumba za jirani husikia pampu ikinguruma na kufika kwanza, walio mbali huja na kukuta mabidoni yao yamesukumwa pembeni, na ugomvi unazuka. Ujumbe unaomwarifu kila mtu kwa wakati mmoja ungeongeza msongamano huo maradufu, na mwenye simu angempita asiye na simu. Kilichohitajika ni kulinda zamu ambazo watu wamekwisha kujipangia.

Hakuna namna ya kuyajua haya ukiwa ofisini. Ndiyo maana nawasihi vijana watenge muda wa kukaa mahali penyewe kwa saa tofauti, alfajiri, mchana na jioni, siku yenye umeme na siku isiyo nao, na ikiwezekana katika kiangazi na katika masika, kwa kuwa wakati wa mvua familia nyingi hukinga maji ya mabati na foleni hubadilika kabisa. Kabla ya kukaa, nendeni kwa shefu wa mtaa na kwa mlinzi wa foraji, mjitambulishe, mweleze mnachofanya, na mwombe ruhusa. Wazee wa mtaa wakisikia habari zenu kwa watu wengine kwanza, mlango utakuwa mgumu kufunguka.

Kupima muda wa kungoja hakuhitaji kifaa chochote. Kateni vipande vya boksi, na kila mtu wa kumi anayefika mpeni kipande kilichoandikwa saa ya kufika. Anapomaliza kujaza, anakirudisha na mwandishi anaongeza saa ya kuondoka. Mwisho wa siku mna orodha ya muda halisi, na hapo mnaweza kusema nusu ya watu walingoja zaidi ya muda gani, taarifa ambayo jaji ataiamini kuliko sentensi kumi za huruma. Andikeni pia ni nani aliyekuja: mama, msichana wa shule, mtoto mdogo, kijana anayechota maji ya kuuza. Msipige picha za watu bila idhini yao, na picha za watoto ziacheni kabisa.

Waulizeni watu wanafanyaje sasa hivi, msiwaulize wangependa programu gani. Swali la pili huleta majibu ya adabu, kwa maana mgeni aliyekuja na daftari hujibiwa anachotaka kusikia. Swali la kwanza huleta maarifa: kwamba mlinzi ana daftari lake la madeni, kwamba kuna mama mmoja ambaye wote humwachia ufunguo, kwamba Jumapili hakuna foleni kabla ya ibada kwisha.

Kwa ramani, msianze na karatasi tupu. Mwaka 2014 wafanyakazi wa kujitolea wa mbali walichora nyumba na barabara za Lubumbashi kutokana na picha za satelaiti na kuziingiza katika OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa kushirikiana na Madaktari Wasio na Mipaka, na kazi hiyo ikawa miongoni mwa zilizozaa mradi wa Missing Maps mwaka huohuo. Ramani hiyo ni ya bure na mnaweza kuipakua kwenye simu, kwenda nayo mtaani bila intaneti, na kuongeza foraji, mitaro na vyoo vya umma vinavyokosekana. Wenzetu wa Dar es Salaam walifanya hivyo kuanzia mwaka 2015 katika mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi walichora mitaa inayofurika, mtaro kwa mtaro. Kwa kukusanya majibu, programu ya KoboToolbox hufanya kazi kwenye simu ya Android hata pasipo mtandao, na hutuma majibu pale unapopatikana.

Teknolojia ndogo, watu wengi

Mwaka 2013 jiji la Providence, Marekani, lilipata dola milioni 5 baada ya kushinda mashindano ya mameya yaliyovutia miji 305. Kifaa chake kilikuwa kinasa sauti kidogo kinachovaliwa na mtoto na kuhesabu maneno anayoambiwa nyumbani kwa siku. Lakini moyo wa mradi ulikuwa washauri waliozitembelea familia, wakakaa na mzazi na kuzungumza naye juu ya namba hizo. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, ulikuwa miongoni mwa miji 15 iliyotajwa washindi mwezi wa Januari 2022 katika awamu nyingine ya mashindano hayo, kila mmoja ukipewa dola milioni 1. Milima inayouzunguka mji huo ilikuwa imekatwa miti, na maporomoko ya Agosti 2017 yalichukua watu zaidi ya 1,000, waliokufa na waliopotea. Jiji likaamua kupanda miti milioni moja, kila mti ukaandikishwa kwa simu, na wakazi wanaoitunza wakawa wanalipwa kwa pesa za simu wakithibitisha kwamba mti ungali hai. Katika miji yote miwili kifaa kilikuwa chepesi kueleweka, na kazi kubwa ikafanywa na watu wenye jina na mshahara.

Turudi kwenye foraji. Suluhisho la kikundi chetu cha mfano lingeweza kuwa hivi: jioni mlinzi anahesabu mabidoni yaliyo mstarini na kuandika zamu kwenye daftari pamoja na namba ya simu ya mwenye bidoni, au ya jirani yake kama hana simu. Maji yakianza kutoka, anabonyeza namba moja tu kwenye simu yake ya vitufe, na wenye zamu za kwanza 15 wanapokea ujumbe mfupi kwa Kiswahili cha hapahapa: «Mayi iko natoka sasa. Zamu yako ni 12. Kuya na mabidoni tatu.» Wanaofuata wanaitwa kadiri mstari unavyosogea. Pembeni mwa foraji kuna ubao na chaki unaoonyesha zamu inayohudumiwa, kwa ajili ya wale ambao simu zao zimezimika. Kwa maoni yangu ubao huo ni sehemu ya teknolojia sawa na seva, na ningeuweka kwenye mchoro wa faili bila kuona haya.

Ujumbe mfupi wa kawaida una nafasi ya herufi 160, na ukitumia alama fulani za Kifaransa kama ê au ô, nafasi hiyo hushuka hadi herufi 70, yaani ujumbe mmoja huweza kutozwa kama miwili au mitatu. Andikeni bila alama hizo. Kumbukeni pia kwamba familia moja inatumia Vodacom, jirani yake Airtel, wa tatu Orange, na huduma inayofika kwa mtandao mmoja tu itaacha nusu ya mstari nje. Namba fupi na menyu za kubonyeza nyota na alama ya reli hupitia kwa kampuni za simu, chini ya usimamizi wa ARPTC, mamlaka ya serikali ya mawasiliano, na utaratibu huo una gharama na huchukua muda. Kwa majaribio tumieni namba ya kawaida na acheni watu wajiandikishe kwa kubipu (kupiga na kukata kabla simu haijapokelewa), kwa maana kubipu hakumgharimu mtu yunite hata moja na kila mtu anajua kufanya hivyo.

Kisha jaribuni, hata kama ni kwenye foraji moja, na mpime tena kwa vipande vilevile vya boksi. Namba mbili, ya kabla na ya baada, zilizopatikana kwa njia moja, zina uzito mkubwa kuliko video yoyote. Ikiwa muda haukupungua, liandikeni hilo pia katika faili na mweleze mnachodhani ni sababu. Jopo lenye watu makini huheshimu kikundi kinachojua mahali kazi yake ilipokwama.

Nani atalipa mwezi wa saba, tuzo ikiwa imekwisha?

Mafaili mengi yana bajeti ya kuunda, machache yana bajeti ya kuendesha. Fanyeni hesabu waziwazi. Tuseme foraji inahudumia familia 200, na kila familia inapokea ujumbe mmoja kwa siku: kwa mwezi wa siku 30 ni jumbe 6,000. Zidisheni kwa bei mnayotozwa kwa ujumbe mmoja, ongezeni posho ya mlinzi, gharama ya seva, kuchaji simu wakati wa delestaji na fundi wa kuitwa mambo yakiharibika, kisha mgawanye jumla kwa idadi ya mabidoni yanayojazwa kwa mwezi. Mtapata kiasi ambacho kila bidoni ingepaswa kuongezewa. Ikiwa ni kiasi ambacho mama wa Katuba atakikataa, na mnaweza kumuuliza, basi punguzeni jumbe, kwa mfano kwa kuwatumia tu wale wanaokaa mbali, na kuwaachia wa karibu ubao wa chaki.

Bajeti iandikwe kwa dola na kwa faranga, pamoja na kiwango cha ubadilishaji mlichotumia na tarehe yake. Wekeni gharama za uchukuzi na za kuchapa, ambazo ni ndogo na husahaulika. Msijaze bajeti kwa kompyuta mpya ikiwa kazi inaweza kufanywa kwa zile mlizo nazo.

Tafuteni mapema mtu au taasisi itakayobeba huduma baada ya tuzo kwisha: kamati ya maji, parokia, shule, ofisi ya komine. Barua ya ukurasa mmoja yenye muhuri, inayosema kwamba kamati fulani imeliona jaribio na iko tayari kuendelea nalo kwa masharti fulani, hubadilisha kabisa namna faili linavyosomwa. Huko Nairobi kampuni ya maji ya jiji yenyewe ndiyo iliyozindua Jisomee Mita, ambapo mteja husoma mita yake na kutuma namba kwa simu, kisha hulipa kwa simu hiyohiyo. Huduma kama hiyo huwa na mwenyewe tangu siku ya kwanza, na wazo la kijana asiye na taasisi halina budi kumtafuta mwenyewe huyo.

Taarifa za watu

Orodha ya majina, namba za simu na mahali watu wanapokaa si karatasi ya kuachwa mezani. Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, iliyotangazwa kwa sheria ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda taarifa binafsi, na hata isingekuwapo, wakazi wanastahili heshima hiyo. Kusanyeni kile tu mnachokihitaji. Kwa foraji mnahitaji namba ya simu na herufi za bidoni. Jina kamili, kabila, umri na namba ya kadi ya kupigia kura hamvihitaji, kwa hiyo msiviulize. Mwelezeni kila anayejiandikisha taarifa zake zitakaa wapi, nani ataziona, na namna ya kujitoa. Katika faili na mbele ya jopo, onyesheni takwimu za jumla bila namba ya mtu yeyote.

Kuandika faili

Kwa kawaida faili litatakiwa kwa Kifaransa, ingawa kazi yote mtaani mmeifanya kwa Kiswahili. Andikeni kwanza kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo mlinzi wa foraji angeyakubali, kisha mhamishie katika Kifaransa sahili. Nimeona vikundi vikianzia kwenye Kifaransa na kuishia na kurasa zilizojaa maneno kama ubunifu na maendeleo endelevu, huku foraji yenyewe haionekani popote.

Ukurasa wa kwanza uwe ule niliousema mwanzoni: mahali, watu, namba mlizopima na jinsi mlivyozipima. Ukurasa wa pili ueleze suluhisho kwa mchoro mmoja na mfano wa siku moja, tangu umeme unaporudi hadi bidoni la mwisho linapojaa. Baada ya hapo jaribio na matokeo yake, kisha uendeshaji na bajeti, kisha kikundi. Katika sehemu ya kikundi elezeni kila mmoja anafanya nini, na kama hamna msichana wala mama hata mmoja katika kikundi kinachoshughulikia maji, ambayo kwetu huchotwa zaidi na wasichana na akina mama, mrekebishe kikundi kabla ya kurekebisha sentensi. Andikeni pia ni nini kingeweza kwenda vibaya: mlinzi kuuza zamu, simu kuibiwa, pampu kuharibika kwa wiki mbili. Kwa kila hatari semeni mtafanya nini.

Mpeni mtu asiyejua mradi asome faili lote na awaeleze alichoelewa. Akishindwa kusema mnamsaidia nani na kwa namna gani, rudini kwenye ukurasa wa kwanza.

Hakikisheni hati za kisheria mapema. Tuzo za fedha mara nyingi hudai akaunti ya benki kwa jina la kikundi, nayo hudai kikundi kiwe na hadhi, ama shirika lisilo la faida chini ya sheria ya mwaka 2001, ama kampuni ndogo iliyoandikishwa kwenye Guichet Unique, ofisi ya serikali ya kuandikisha biashara. Wekeni pia makubaliano ya maandishi kati yenu juu ya mgawanyo wa fedha na umiliki wa programu, mkiwa bado marafiki na kabla ya matokeo.

Mbele ya jopo

Mkipewa dakika tano, jiandaeni kwa nne. Nendeni na maonyesho yasiyotegemea intaneti ya ukumbini wala umeme wake: simu mbili za vitufe zilizochajiwa, laini za mitandao miwili, na karatasi zilizochapwa endapo projekta haitawaka. Mpeni jaji mmoja simu, mwacheni abipu, na ujumbe umfikie mkononi. Kisha semeni namba zenu mbili na mnyamaze ili maswali yaanze.

Maswali yanayorudi karibu kila mara ni haya: nani tayari anafanya jambo hili, kwa nini watu waache njia wanayoitumia sasa, itagharimu kiasi gani kwa mtu mmoja, na nini kitatokea mkiondoka. Gawaneni maswali hayo kabla, ili anayeshughulika na uendeshaji ajibu la uendeshaji, na kiongozi asijibu kila kitu peke yake. Msilolijua semeni kwamba hamjalipima, na mweleze mtalipimaje. Ikiwezekana, mwombeni mlinzi wa foraji aje nanyi na azungumze dakika moja kwa Kiswahili chake.

Baada ya matokeo

Mkishinda, ombeni ratiba ya malipo kwa maandishi na jina la mtu mtakayefanya naye kazi upande wa jiji, na msinunue kitu kwa mkopo mkitegemea tuzo ambayo haijaingia kwenye akaunti. Anzeni na foraji ileile ya jaribio na mkae nayo mpaka mlinzi aweze kuiendesha wiki nzima bila kuwapigia simu, ndipo mfikirie ya pili.

Msiposhinda, mwandikieni mwandalizi barua fupi ya heshima kuomba maoni ya majaji. Wengi hutoa wakiombwa. Rudini kwa kamati ya maji mkawaambie matokeo, na mkubaliane kama ubao na daftari vitaendelea kutumika bila ujumbe wa simu. Vipimo vyenu, ramani na barua ya kamati viwekeni nakala mbili kwa watu wawili tofauti wa kikundi, kwa kuwa tangazo jingine linaweza kutoka likiwa na muda mfupi wa kujibu, na ukurasa wa kwanza wa faili utakuwa tayari.